Mikoko ipandwe kwa kufuata bamvua, si ratiba ya mgeni rasmi

Mhariri,

Kila msimu wa kampeni za mazingira tunasoma kwamba maelfu ya mikoko yamepandwa Kunduchi, Mbweni au Mtoni Kijichi. Iliyopona ni mingapi, hatuambiwi. Wanavikundi wanaoshinda topeni nao hawatajwi.

Kazi hii mwamuzi wake ni maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Dar es Salaam hupwa sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Hapo ndipo pa kuingia. Kila siku inayofuata huchelewa kwa takriban dakika 50. Hafla ikiangukia Jumamosi ya maji mafu, bahari haijatoka vya kutosha na mbegu huchomekwa popote palipo wazi.

Mbegu ya mkoko, ile ndefu inayoning'inia, imekomaa pale shingo yake inapogeuka manjano. Yenye tundu la mdudu hutupwa. Nzuri huwekwa kivulini ndani ya gunia bichi. Watu huingia watatu watatu: mmoja ana kamba yenye fundo kila mita moja, wa pili anatoboa kwa kijiti, wa tatu anazamisha theluthi ya mbegu, chipukizi juu, kisha anabana tope kwa vidole ili maji yakijaa isielee. Kwa nafasi hiyo hekta moja hula mbegu 10,000. Anayelipwa kwa idadi ya mbegu hushawishika kuchomeka mbili tatu shimo moja, kwa hiyo sisi tunaona malipo ya siku ni bora.

Wazoefu huvaa raba za kamba au soksi nene, maana ndala hunasa topeni na maganda ya chaza hukata nyayo. Sufuria ya uji na mihogo hubaki nchi kavu, na haifunuliwi mpaka kiongozi ahesabu watu wote. Maji hujaza kwanza vijito vilivyo nyuma ya wapandaji, na asiyejua hushtukia amezingirwa.

Kinachoua zaidi ni kupanda chini mno. Tope tupu la mbele linavutia kwa kuwa halina mwenyewe, lakini maji hulifunika saa nyingi na mkoko hukosa hewa. Ukanda huo huufaa mlilana, aina nyingine ya mti wa mikoko, tena si kila mahali. Halafu kaa hutafuna, chaza huelemea shina, na wakati wa masika mifuko na nyuzi za nyavu husokota miche hadi kuing'oa.

Tunawaomba wafadhili wasimalize fedha siku ya kupanda. Ibaki ya kuondoa taka kila bamvua, kuhesabu miche baada ya miezi mitatu na kupandia mapengo. Nawe Mhariri, ukiletewa idadi ya mikoko iliyopandwa, tafadhali uliza pia ya mwaka jana imebaki mingapi hai.

Wapanda mikoko,
Kunduchi, Dar es Salaam