Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kishikwambi, Andalio la Somo na Uamuzi wa Mwalimu

Ndugu wanachama,

Tangu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 vigawiwe walimu, hakuna hoja iliyorudi vikaoni kwetu mara nyingi kama hii ya mwaka huu: ni nani sasa anayeamua somo lifundishwe vipi? Manufaa ya vifaa hivyo hayana ubishi. Mwalimu aliyezoea kugombea nakala moja ya kitabu na wenzake sasa anafungua maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania akiwa nyumbani, ilimradi ana bando, ambalo mara nyingi hulinunua kwa fedha yake.

Ugumu umejitokeza kwenye andalio la somo. Baadhi yenu mmeeleza kwamba msimamizi huingia darasani akiwa na andalio lililotumwa mapema, akalipima somo kwa kulifuata dakika kwa dakika, na mwalimu aliyerudia dhana ambayo wanafunzi hawakuielewa akaandikiwa kwamba amechelewa. Andalio ni makadirio yanayofanywa kabla ya kuingia darasani, na kuliacha panapokuwa na sababu ni sehemu ya taaluma yetu. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNESCO la 1966 kuhusu hadhi ya walimu, katika aya ya 61, linatambua kwamba walimu ndio wenye sifa hasa ya kupima zana na mbinu zinazowafaa wanafunzi wao, ndani ya mipaka ya programu zilizoidhinishwa.

Hata hivyo, nitakuwa si mkweli nikiwalaumu wasimamizi peke yao. Maandalio yanazunguka katika makundi yetu ya WhatsApp na kunakiliwa yalivyo, mengine yakiwa bado na jina la shule yalikotoka (nimeyaona mwenyewe). Anayefanya hivyo amekwisha kuutoa uamuzi wake kwa hiari, kabla msimamizi hajaugusa.

Kuhusu PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji kazi wa watumishi wa umma, kamati imependekeza tu kwamba wanachama waingize pia kazi ya kuwasaidia wanafunzi wanaosoma kwa shida, ambayo ni rahisi kusahaulika kuliko idadi ya vipindi.

Katika ajenda ya nne mtapata rasimu ya barua inayoomba kwamba sehemu ya tathmini na maoni, iliyo mwishoni mwa andalio, isomwe kabla somo halijapewa alama. Naomba muijadili kabla ya uchaguzi, kwa kuwa uongozi mpya ndio utakaoiwasilisha.