Tupime na ardhi, si mawingu tu

Mhariri,

Mvua zikikaribia, gazeti lako hutuambia zitanyesha milimita ngapi. Nashukuru, lakini hiyo ni nusu ya habari. Mafuriko huamuliwa pia na ardhi inayoipokea mvua hiyo.

Milimita moja ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi mvua ya milimita 40 humwaga lita 400,000 kwenye shamba la hekta moja. Udongo ukiwa na nafasi, mengi yatazama taratibu. Ukiwa umenyeshewa wiki nzima, ukiukanyaga tu maji yanachuruzika kando ya unyayo, mvua ileile haina pa kwenda ila mtoni. Na udongo uliokauka ukawa mgumu kama sakafu nao huyakataa maji. Hili wengi hulisahau.

Ndiyo maana nasema utafiti wa mzunguko wa maji si anasa ya wasomi. Ni kuyafuata maji tangu yanapopanda baharini yakiwa mvuke hadi yanapoingia mtoni, na kujua kila mahali yamejaa kiasi gani. Satelaiti zimesaidia sana. Ile ya SMAP, iliyorushwa mwaka 2015, hupima unyevu wa udongo, ila huona sentimita 5 hivi za juu tu. Chini ya hapo lazima vifaa vifukiwe ardhini, visima vipimwe, na mtu aende mtoni kusoma kina kila siku, miaka nenda miaka rudi. Kazi hii haina uzinduzi wala picha, ndiyo maana hukosa fedha. Inaniuma zaidi kwamba kipimo cha mtoni, kikisimikwa vibaya, husombwa siku ileile kinapohitajika.

Kumbukumbu za zamani za mvua na mito pekee hazitoshi tena, maana hewa inazidi kupata joto. Kila joto la hewa linapopanda kwa nyuzi 1, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo hurudi kwa kishindo.

Umoja wa Mataifa uliahidi mwaka 2022 kwamba kufikia mwisho wa 2027 kila mtu duniani atafikiwa na tahadhari za mapema. Tahadhari isiyojua hali ya udongo itachelewa. Naomba gazeti lako lianze: pembeni ya utabiri wa mvua, chapisheni na kina cha mito.

Msomaji wako