Waziri kijana wa mazingira na bonde la Jadar

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie safari ya kisiasa ya Irena Vujović wa Serbia, aliyezaliwa mwaka 1983, akaongoza manispaa ya Savski Venac jijini Belgrade, kisha Oktoba 2020 akakabidhiwa Wizara ya Hifadhi ya Mazingira kabla hajatimiza miaka 40.

Alipokelewa na mzigo mzito. Januari 2021, chupa za plastiki, magogo na takataka zilizobebwa na mto Lim zilitanda juu ya maji ya bwawa la Potpeć, karibu na mji wa Priboj. Desemba mwaka huohuo Serbia ilifungua sura ya mazingira, yaani sehemu inayohusu mazingira, katika mazungumzo ya kujiunga na Umoja wa Ulaya, na hiyo ilikuwa hatua ya kupongezwa.

Hata hivyo, mtihani mkubwa ulikuwa lithiamu, madini ya kutengenezea betri, ya bonde la Jadar magharibi mwa Serbia. Baada ya wananchi kufunga barabara, serikali ilifuta mradi wa kampuni ya Rio Tinto wa kuchimba madini hayo Januari 2022, lakini Julai 2024 ikaurejesha, Mahakama ya Katiba ilipoamua kuwa ufutaji ule ulikiuka katiba. Wakulima wanaohofia maji na mashamba yao walistahili kumsikia waziri wa mazingira mapema kuliko waziri mwingine yeyote, kwa kuwa tathmini ya athari za mradi kama huo hupitia wizara hiyo, aliyoiongoza hadi Aprili 2025, na naamini kijana mwenye nafasi hiyo hapaswi kusubiri barabara zifungwe ndipo awaeleze wananchi msimamo wake.

Msomaji wenu,
Dodoma