Mazungumzo ya amani yawakumbuke na watu wa mialoni

Ndugu Mhariri,

Kila vita inapopamba moto mashariki mwa Kongo tunasikia majina ya marais na majenerali tu. Naomba nafasi niwasemee wasiotajwa.

Vijana wengi wa Mwanza hawajui kwamba mwaka 1996 vyama vya siasa vya Burundi, UPRONA na FRODEBU, viliketi kuzungumza hapa hapa jijini kwetu. Aliyevikutanisha ni Mwalimu Nyerere, zaidi ya miaka kumi tangu ang'atuke urais. Hakuwa na jeshi la kumtisha nalo mtu. Alichokuwa nacho ni heshima na subira. Mazungumzo yalikwama, na Julai mwaka huohuo Meja Pierre Buyoya akapindua serikali ya Burundi. Hata hivyo Mwalimu hakukata tamaa: mwaka 1998 alianza upya kule Arusha, taasisi yenye jina lake ikibeba uratibu, na alipofariki Mandela akaipokea kazi hadi mkataba ukasainiwa Agosti 28, 2000. Msumbiji nayo ilipatanishwa Roma mwaka 1992 na Sant'Egidio, jumuiya ya waumini Wakatoliki.

Huku Ziwa Victoria usuluhishi wa namna hiyo, usiongoja serikali, ni wa kila siku. Mvuvi akishikwa ng'ambo ya mpaka, mtumbwi na mashine vikazuiliwa, nimeona mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo (pale mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki), akimpigia simu mwenzake wa mwalo wa kule kabla jambo halijawa kesi ya serikali mbili. Wanafahamiana, wameuziana nyavu, wamezikana. Mara nyingi mashine hurudi. Na pale mwaloni Kirumba, mama anayefungasha dagaa wa kwenda Kongo hujua barabara ipi imefungwa na nani anatoza nini njiani, maana mteja wake kamweleza asubuhi hiyohiyo.

Sisemi simu ya mwenyekiti itanyamazisha bunduki Goma. Hapo serikali haziepukiki. Lakini Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ibara ya 127, unazitaka nchi wanachama ziweke mazingira mazuri kwa asasi za kiraia, na asasi zinazoalikwa mikutanoni ni zilezile zenye ofisi mijini na wataalamu wa kuandika maandiko ya miradi. Inaniuma sana.

Ombi langu kwa viongozi wa Mwanza: waitisheni viongozi wa mialo ya Tanzania, Kenya na Uganda, pamoja na akina mama wa dagaa na wanunuzi wao wa Kongo na Burundi, wakutane hapa kila mwaka. Nauli zao zilipwe, na watakayokubaliana yapelekwe Arusha, makao makuu ya Jumuiya, kwa maandishi.

Mdau wa uvuvi,
Kirumba, Mwanza