Mlinzi alale kwanza, ndipo ajieleze

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niseme na mabosi wetu. Ofisini hawapatikani saa ambazo mimi nina akili timamu, na saa wanazopatikana wao, akili yangu inakuwa imeshalala imeniacha nimesimama.

Mimi ni mlinzi wa usiku, huu mwaka wa 11. Naishi Mbagala, na lindo langu ni ghala la vipuri kando ya Barabara ya Nyerere, ndege zinapita juu ya bati. Naingia saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi. Kila saa naandika kwenye kitabu cha matukio: "Hali shwari." Hiyo ni hali ya ghala. Hali ya mlinzi haina mstari wake.

Mwaka juzi nikaanza kuiandika pembeni, kwenye daftari la hesabu la mwanangu lililobakiza kurasa. Saa 4 usiku utakuta maneno ya mtu mwenye mipango: mifuko miwili ya saruji, rangi ya chumba cha mbele, nimpigie fundi. Saa 8, njaa. Ikifika saa 10 ukurasa unabadilika hata mwandiko. Deni la dukani la shilingi 60,000, ambalo saa 4 nilikuwa nimelipangia siku ya kulilipa, saa 10 limekuwa ushahidi kwamba tangu nizaliwe sijawahi kufaa kitu. Deni ni lilelile, na hakuna aliyekuja kulidai usiku. Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha. Wangekaa lindo wangeona unavyokawia.

Saa 10 hiyohiyo ndiyo niliyomtumia dada yangu ujumbe. Marehemu baba alituachia michungwa Muheza, na dada ndiye anayeiangalia. Sitayarudia hapa niliyoandika. Kwa ufupi nilimwita mwizi. Asubuhi nikiwa kituoni, na chapati na kikombe cha chai ya rangi, nikaufungua ule ujumbe na kuusoma kama umeandikwa na mtu mwingine, tena mtu nisiyempenda. Dada alijibu saa 3: "Mdogo wangu, umelala?" Basi, hakuongeza neno.

Binti yangu yuko chuo cha uuguzi. Nilipomwonyesha daftari hakucheka. Alisema mwili una saa yake ambayo haifuati ya ukutani, na kinachoirekebisha ni mwanga unaoingia machoni. Kuelekea alfajiri joto la mwili linashuka chini kuliko saa nyingine zote, na akili nayo inazubaa. Kumbe Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuchunguza vinasaba vinavyoiendesha saa hiyo, na walivichunguza kwa vinzi vidogo vile vinavyozunguka ndizi mbivu. Vinzi! Na mimi nilishaanza kufikiri nimelogwa.

Akanishauri nivae kapelo asubuhi na kuishusha usoni, jua lisije likauambia mwili kumekucha wakati ndiyo kwanza nakwenda kulala. Navaa. Lakini ikifika saa 5 chumba changu cha bati kinachemka, dirishani nimetundika khanga mbili, na nje anapita mnunuzi wa vyuma chakavu na kipaza sauti chake. Masaa manne mfululizo kwangu ni sikukuu. Jioni ndiyo nisiseme: wenzangu wanashuka kwenye daladala na mikate yao mkononi, mimi napanda gari lenye viti vitupu kwenda walikotoka.

Hoja yangu sasa. Kampuni moja niliyopitia zamani, siitaji, ilikuwa na mtindo wake. Likitokea jambo usiku, asubuhi unapokabidhi lindo unakuta barua ya kujieleza iko mezani. Kaa hapohapo, jibu, weka saini. Mwenzangu, mtu mpole aliyekuwa akinigawia hata karanga zake, betri ya lori ilipotea kwenye zamu yake. Saa 12:40 asubuhi, ametoka kukesha usiku wa sita mfululizo, akapewa kalamu. Aliandika mistari mitatu, na wa tatu ulikuwa tusi. Wiki iliyofuata betri ilionekana: dereva aliipeleka kuchajiwa bila kuaga. Lakini tusi lilikuwa na saini. Kazi ilikwenda na tusi, betri ikarudi kwenye lori.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inautambua usiku wetu. Inauhesabu kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na inamtaka mwajiri aongeze walau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku (wengi wetu asilimia hiyo tunaiona kama theluji ya Kilimanjaro, kwa mbali). Inakataza pia kumpanga usiku mtu ambaye daktari amethibitisha kuwa afya yake haiwezi. Na kanuni za mwaka 2007 zinasema muda wa kujiandaa kwa kikao cha nidhamu kwa kawaida usipungue masaa 48. Lakini hayo masaa 48 yanakuja wakati barua ya kujieleza imeshaandikwa, na iliandikwa na mtu mwenye macho mekundu.

Sisemi mwizi asamehewe. Nasema mlinzi apewe barua, aende nyumbani akalale, arudi alasiri ajieleze. Betri iliyopotea usiku haitapotea zaidi mchana.

Kwa wenzangu wa malindo, binti alinionya jambo moja nami nalipeleka kwenu. Si kila uzito wa alfajiri unatokana na zamu. Kuna sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) inayomwamsha mtu kabla ya kucha na kumwelemea asubuhi kuliko jioni, hata kama hakeshi popote. Ukiona wiki mbili zimepita, umepata likizo, umelala, na bado moyo haunyanyuki, nenda kituo cha afya ukaseme hivyohivyo. Usiseme ni uchovu tu.

Mimi siku hizi ikifika saa 10 simu inaingia kwenye droo pamoja na kitabu cha matukio, naitoa kukicha. Mwezi wa saba dada alinitumia kwa basi gunia zima la machungwa. Nililipokea asubuhi natoka lindo. Kumpigia kumshukuru, nilisubiri hadi saa 11 jioni, nimeshalala.

Mlinzi wa usiku,
Mbagala, Dar es Salaam