Faili la mfanyakazi wa kigeni haliandaliwi kwa usiku mmoja

Kuna lawama ambayo imekuwa ikitufikia kwa sura mbalimbali, na safari hii imeletwa na mteja aliyeamini kabisa kwamba tumemlia fedha zake bure. Alitulipa tupitie mafaili ya wafanyakazi wa kigeni anaowadhamini nchini Uingereza, tukampa orodha ndefu ya mambo ya kurekebisha, kisha maafisa wa Wizara ya Mambo ya Ndani hawakutokea. Sasa anauliza alilipia nini. Tumemjibu kwa barua, lakini kwa kuwa swali hilo wanalo wengi wanaoendesha kampuni ndogo za matunzo ya wazee na wagonjwa, migahawa na karakana kwa leseni ya udhamini, yaani ruhusa ya wizara hiyo ya kuajiri wafanyakazi kutoka nje, tumeona ni vyema tulijibu mbele ya wote.

Zamani leseni ya udhamini ilidumu kwa miaka 4, na mwajiri alijua kwamba muda wa kuihuisha ukikaribia mafaili yake yangeweza kuangaliwa. Utaratibu huo wa kuhuisha uliondolewa tarehe 6 Aprili 2024, na baadhi ya wateja wetu waliupokea uamuzi huo kana kwamba wamesamehewa ukaguzi. Maafisa bado wana haki ya kufika kwa taarifa au bila taarifa, na wanaweza pia kuomba nyaraka zitumwe kwao kwa muda mfupi. Kilichopotea ni ile tarehe ambayo mwajiri aliweza kuiwekea alama kwenye kalenda. Kwa hiyo anayetulipa leo analipia hali ya mafaili yake katika siku yoyote ya kawaida ya kazi, na afisa akichelewa kuja mwaka mzima, kazi yetu haikupotea kwa sababu hiyo.

Njia ya mkato tunayokutana nayo mara nyingi zaidi ni picha ya simu. Mfanyakazi mpya anaombwa athibitishe haki yake ya kufanya kazi, anafungua akaunti yake ya viza ya kielektroniki, anapiga picha ya kioo cha simu na kumtumia meneja kwa WhatsApp, na meneja anaichapisha na kuiweka kwenye faili akiwa na amani ya moyo. Picha hiyo haimlindi mwajiri kwa lolote. Tangu tarehe 6 Aprili 2022, mfanyakazi ambaye hadhi yake ya uhamiaji iko kwenye mtandao anapaswa kumpa mwajiri msimbo anaoupata kwenye akaunti yake pamoja na tarehe yake ya kuzaliwa, na mwajiri mwenyewe ndiye anayeingia kwenye ukurasa wa serikali uliotengwa kwa waajiri, anayelinganisha sura iliyo kwenye ukurasa na mtu aliye mbele yake, na anayehifadhi nakala yenye tarehe ya ukaguzi. Yote hayo yanafanyika kabla ya siku ya kwanza ya kazi, na nakala inatunzwa kwa muda wote wa ajira na miaka 2 baada ya ajira kwisha.

Mteja mmoja wa huduma za matunzo alituonyesha kabati zima la picha za namna hiyo, zimepangwa vizuri kwa herufi, kila moja ndani ya plastiki yake. Ilikuwa kazi ya mikono safi, nasi tulisikitika kumwambia kwamba hakuna hata moja itakayomsaidia. Kama wafanyakazi wale wana haki ya kazi kweli, faini haimgusi, ingawa kama mdhamini anabaki na dosari ya kutotimiza wajibu wake. Ikigundulika kwamba picha mojawapo ilikuwa ya kughushi, hana kinga, na tangu Februari 2024 faini inaweza kufika pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi asiye na haki katika kosa la kwanza, na pauni 60,000 kosa likirudiwa. Kuangalia msimbo huchukua dakika chache.

Jambo la pili ni kazi yenyewe. Cheti cha udhamini, yaani rekodi ambayo mwajiri humtolea mfanyakazi ili aombe viza, kinataja cheo, majukumu, saa, mshahara na mahali pa kazi, na afisa anapokuja huzungumza na mfanyakazi peke yake: unafanya nini kuanzia asubuhi, nani anakusimamia, unalipwa kiasi gani, unafanyia kazi wapi. Majibu hayo hulinganishwa na cheti, hati za malipo, taarifa za benki na karatasi za zamu. Mgahawa mmoja ulikuwa na mpishi hodari ambaye mwenye mgahawa, kwa nia njema kabisa, alimfanya meneja na kumwongezea mshahara. Alidhani kupandishwa cheo hakuwezi kumdhuru mtu. Kazi ya umeneja iko chini ya msimbo mwingine wa kazi, yaani namba ambayo serikali hutumia kupanga aina za kazi, na mabadiliko ya namna hiyo yanahitaji cheti kipya na maombi mapya ya viza, ambayo lazima yakubaliwe kabla ya mfanyakazi kuianza kazi hiyo. Tulipoitwa, mpishi yule alikuwa ameshakaa kwenye umeneja kwa muda mrefu, na gharama ya kulinyoosha jambo lile ilizidi sana bei ambayo mwenye mgahawa aliikataa tulipompa makadirio ya kupitia mafaili yake mara ya kwanza.

Kwenye kampuni za matunzo tatizo huwa ni saa. Cheti kinasema saa 37.5 kwa wiki, wateja wanapungua, zamu zinapungua, mshahara unashuka, na hakuna anayekumbuka kutoa taarifa. Mabadiliko yanayomhusu mfanyakazi, kama kupungua kwa mshahara, kuhamia kituo kingine au kuacha kazi, huripotiwa kwenye mfumo wa udhamini, ambao ni tovuti ya wizara kwa wadhamini, ndani ya siku 10 za kazi. Vivyo hivyo kwa anayekosekana siku 10 za kazi mfululizo bila ruhusa. Mabadiliko ya kampuni yenyewe, kama anwani mpya au kununuliwa na wengine, yana siku 20 za kazi. Likizo bila malipo ikizidi wiki 4 katika mwaka, kwa kawaida mwajiri hatakiwi kuendelea kumdhamini mtu huyo, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa kwenye kanuni kama uzazi na ugonjwa. Mara nyingi taarifa hazitumwi kwa sababu nywila ya mfumo aliondoka nayo karani aliyeacha kazi, na mwenye kampuni hajawahi kuingia humo hata mara moja.

Tunafika sasa kwenye ombi tunalolikataa. Barua ya ukaguzi inafika, mwajiri anapiga simu jioni, anataka tumwandalie maelezo ya usaili, rejista ya mahudhurio na mikataba yenye tarehe za nyuma. Hatufanyi hivyo kwa bei yoyote. Afisa akikuta rejista ya miezi minane iliyoandikwa kwa kalamu moja na mkono mmoja, bila hata siku moja ya kuchelewa, hahitaji kuambiwa ilitengenezwa lini. Pengo lililoelezwa kwa uaminifu mara nyingi huweza kujibiwa, lakini hati ya kughushi inatosha peke yake kuiangusha leseni. Kinachofaa ni kuandika kumbukumbu yenye tarehe ya leo, kueleza kilichokosekana na hatua iliyochukuliwa, na kutuma taarifa iliyochelewa hata kama imechelewa.

Wapo pia wanaotuomba tuwaandikie makubaliano ya kumkata mfanyakazi gharama za udhamini. Tozo ya ujuzi wa uhamiaji, ambayo mwajiri huilipa serikali kwa kumdhamini mfanyakazi, haijawahi kuruhusiwa kupelekwa kwa mfanyakazi, na tangu tarehe 31 Desemba 2024 katazo hilo limehusisha pia ada ya leseni na ada ya cheti kwa wafanyakazi wenye ujuzi. Kuiita mkopo hakubadilishi kitu, kwa maana hati za malipo zitaonyesha makato.

Kuhusu bei zetu, tunajua yupo ndugu au rafiki mwenye uzoefu wa makaratasi atakayeifanya kazi hii kwa nusu ya fedha. Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya Uingereza ya 1999 inakataza mtu kutoa ushauri wa uhamiaji kama biashara bila kusajiliwa au kuwa chini ya chombo cha kitaaluma kinachotambuliwa, na mteja akiharibikiwa kwa ushauri wa asiyesajiliwa hana mahali pa kupeleka malalamiko ya maana. Sisi tunafungua kila faili na kulisoma kurasa zote. Tunaangalia kama anwani ya nyumbani ya mfanyakazi ni ya sasa na kama zile za zamani zimehifadhiwa, tunalinganisha mshahara ulioingia benki na ulioandikwa kwenye cheti, tunatafuta ushahidi wa jinsi alivyopatikana na kuchaguliwa, kisha tunakaa na wafanyakazi na kuwauliza yale ambayo afisa angewauliza. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayochukua muda mwingi, na ndiyo wateja wanayoomba tuiondoe ili bei ishuke. Hatuiondoi, kwa sababu ndiko tulikomgundua mpishi aliyegeuka meneja.

Ukaguzi ukienda vibaya, leseni inaweza kusimamishwa, na mwajiri hupewa siku 20 za kazi kujibu kwa maandishi. Ikifutwa, hakuna rufaa ya kawaida. Kinachobaki ni kuiomba mahakama ipitie uhalali wa uamuzi, kusubiri angalau miezi 12 kabla ya kuomba leseni tena, na kuwatazama wafanyakazi ambao kwa kawaida hupewa siku 60 za kutafuta mdhamini mwingine au kuondoka. Kazi ya kuandaa majibu hayo tunaipokea, kwa bei ya juu kuliko ya kupitia mafaili, na tunaomba barua ya wizara itufikie siku ileile mteja anapoipata, pamoja na mafaili kama yalivyo, bila karatasi yoyote kuongezwa.