Barua kwa Mama Lusajo, kabla hajafunga mizigo

Isanga, Mbeya

Mama Lusajo, ugonile!

Salamu kwako na kwa Baba Lusajo. Huku ni wazima, baridi ya Juni imeingia na watu wote wamevaa makoti kama walinzi wa usiku. Ujumbe wako wa sauti, kwamba mnataka kuhama Uingereza mrudi Tukuyu ili Baba Lusajo atunzwe huku kwa kuwa ameanza kusahau, nimeusikiliza mara mbili, nikaona kwa simu hatutamaliza, bando litakatika tukiwa bado kwenye bei ya kiwanja.

Kiwanja cha Tukuyu nakiweka pembeni kwanza. Kilichonishtua ni pale uliposema Anyisile amekuhakikishia kwamba "dada mmoja wa laki na nusu anatosha". Anyisile ana roho nzuri, ila hiyo ni hesabu ya kulea mtoto. Wiki ina saa 168. Sheria yetu ya kazi inampa mfanyakazi saa 45 kwa wiki, 9 kwa siku, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Gawanya uone: unahitaji watu 4, na hapo hujaweka wa kupika wala wa kufua. Kila mmoja na mkataba wake wa maandishi, na mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wa asilimia 20 ya mshahara, ambao nusu yake unaweza kumkata yeye. Bado ni nafuu kuliko huko Reading, sibishi. Lakini sio ile nafuu uliyoambiwa.

Mtu aliyeanza kusahau hafuati usiku wala mchana. Saa 9 usiku anavaa viatu anakwenda kazini, kazi yenyewe alishastaafu. Dada aliyeshinda anafua, anapika na kuogesha hatasikia geti likifunguliwa. Na ikifika siku haamki kitandani, anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa 2. Mwanamume wa kilo 80 hageuzwi na msichana mmoja. Atamvuta, na huko kuvuta ndiko kunakochubua ngozi. Wawe wawili, wamemtandikia shuka lililokunjwa chini ya mgongo na mapaja, wanyanyue pamoja. Wapapase kifandugu, nyonga na visigino kila siku. Vitabu vya huko vinasema uangalie wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri. Pakiwa na joto, pagumu, au peusi kuliko pembeni yake, kidonda kimeshaanza kwa ndani.

Halafu pensheni. Hili umelipita haraka mno. Uingereza inawapandishia pensheni ya serikali kila mwaka wastaafu wanaoishi kwake, Ulaya, na nchi chache zenye mkataba nayo, kama Mauritius na Ufilipino. Tanzania haimo. Kiasi mtakachoondoka nacho ndicho mtakachopokea mwaka hadi mwaka, na mchele wa Kyela haugandi bei yake kuwasubiri. Na ile posho ya matunzo anayolipwa Baba Lusajo na serikali ya huko itakatika kabisa mkihamia huku. Wajerumani wanaopeleka wazee wao Poland wanabaki na posho yao kwa sababu bado wako ndani ya Umoja wa Ulaya. Wakiwapeleka Thailand, posho inasimama. Kwa hiyo hesabu ya bei nafuu ni lazima muifanye baada ya kutoa vinavyokatika.

Na hofu yako kwamba gharama za kumweka kwenye nyumba ya wazee huko zitameza nyumba yenu: ni kweli mwenye mali ya zaidi ya pauni 23,250 huko England anajilipia yote, ila nyumba haihesabiwi mradi wewe mkewe bado unaishi humo. Waulize halmashauri kabla hamjaita dalali.

Kingine, yeye ana pasi ya Uingereza, wewe una pasi yetu na ukaazi wa kudumu. Ukikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka 2 mfululizo, ukaazi huo unapotea. Mambo yakiharibika, mgonjwa anaweza kurudi na mtunzaji wake akabaki Songwe uwanja wa ndege anapunga mkono! Kiwanja nacho kiwe kwa jina lako, maana ardhi kwa asiye raia ina masharti yake.

Ushauri wangu: msiuze kitu. Njooni kwa wiki 12 tu, Juni hadi Agosti, baridi iwapige vizuri. Safari ya kutembea isiyozidi wiki 13 haikati ile posho, ilimradi muwaarifu. Pangeni Uyole, hapa Mbeya mjini, sio Tukuyu. Tukuyu mvua na utelezi ni vya mwaka mzima karibu, na kutoka huko hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapa Mbeya ni kilomita kama 70. Tafuteni nyumba isiyo na ngazi, milango ya sentimita 90, choo cha kukaa. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa sentimita 180; fundi atakuambia 60 zinatosha, usimkubalie, kiti cha magurudumu kitapinduka. Jiko la mkaa lisilale chumbani, hata likiwa limebaki na makaa mawili. Moshi usioonekana unaua. Chupa ya maji ya moto pia hapana, kwa miguu yake iliyokufa ganzi kwa sukari atababuka bila kuhisi. Insulini ya akiba ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande. Njoo na dawa za wiki zote 12 pamoja na barua ya daktari.

Lakini kabla ya tiketi, ile hati ya kukupa mamlaka ya kumsimamia fedha na matibabu. Inasainiwa akiwa bado anaelewa anachosaini. Akishavuka hapo ni mahakama, na mahakama ni pesa.

Sasa nijibu. Bado anaitambua saini yake? Anapanda ngazi mwenyewe? Ana kilo ngapi siku hizi? Ana miaka 35 ya michango ya pensheni ya huko au pungufu? Lusajo anasemaje, au hamjamwambia? Na yeye Baba Lusajo, kuna aliyemuuliza kama anataka kuja?

Ndaga fijo. Nasubiri.

Mama Atu